Mashine Zote Mbovu

Redio ya muuza kahawa ndiyo iliyochokoza. Ilisema wahudumu wengi wa afya wana presha, na kisa ni kutofanya mazoezi. Kwenye benchi mkabala na geti la hospitali, macho yote yakamgeukia Sista Presha, muuguzi wa kliniki ya presha aliyebandikwa jina la kazi yake.

"Msinitazame mimi," akasema, akipuliza kahawa. "Mimi nashinda nimesimama. Hayo si mazoezi ni nini?"

King'ora, dereva wa ambulensi, akatikisa kichwa. "Hata mlingoti wa bendera unashinda umesimama, Sista. Juzi si uliniomba nikutoe wodi ya watoto nikupeleke stoo?"

"Nilikuwa na haraka."

"Nikawasha na king'ora. Watu wakapisha wakijua kuna mtu anakata roho, kumbe mtu kafuata pamba."

Benchi zima likaangua kicheko, Sista mwenyewe akiwemo. Hapo akafika Fundi Waya, mtengenezaji wa vifaa vya hospitali, ana mashine ya kupimia presha kwapani.

"Mzigo wako, Sista. Nzima kabisa."

"Mbovu hiyo. Inapandisha namba."

"Hata ile ya wiki jana ulisema inapandisha. Na ile ya kabla yake. Kwani unazijaribia kwa nani?"

"Kuna mgonjwa mmoja."

"Zote huyohuyo?"

Sista akaitazama kahawa yake kama aliyedondosha kitu ndani.

"Na yeye anasemaje?" akauliza King'ora.

"Anasema mashine mbovu."

"Acha hizo, Sista. Mgonjwa mwingine akikwambia hivyo unammeza mzimamzima. Huyu wa kudekezwa ni nani, shemeji yetu?"

Mama mzazi wa Sista alidondoka jikoni kwa presha na kufa, sufuria mkononi, baada ya miaka ya kusema ni uchovu tu. Sista aliogopa, tena kuliko mgonjwa yeyote, maana wagonjwa waliona namba tu, na yeye alijua zinakoishia.

"Lete hapa," akasema mwishowe, akakunja mkono wa sare.

Fundi akamfunga kitambaa. Mashine ikavuma, ikatulia. Mia na themanini kwa mia na kumi.

King'ora akafungua mdomo, akaufunga. Muuza kahawa akazima redio. Benchi lile halikuwahi kukosa la kusema, na kimya hicho kilimtisha Sista kuliko ile namba.

"Nitanieni basi," akasema. "Mbona mmekuwa mabubu?"

"Nenda, Sista," Fundi akasema kwa upole. "Kikombe nitakirudisha mimi."

Akavuka barabara peke yake, akaingia kliniki, akasimama mkiani mwa foleni. Mbele yake, mwisho wa kiti kirefu, alikuwa bibi mmoja ambaye Sista alimkaripia asubuhi hiyo mbele za watu kwa kuacha vidonge.

"Pita, Sista. Wewe si mwenyeji hapa?"

"Nimekuja kupimwa, bibi."

Bibi akamtazama usoni, akamshusha hadi miguuni, akampandisha tena.

"Kumbe na wewe unaogopa, mwanangu?"

"Naogopa sana."

Bibi akasogea, akakipigapiga kiti kwa kiganja.

"Kaa hapa. Kuna sista mmoja humu ana mdomo huo, hana dogo. Bahati yako leo hayupo."