Kochi la Lucille Lirudi Jumamosi

S.L.P. 14,
Quimby Falls, Maine.
Alhamisi, 5 Julai 1973.

Kwa Bi. Eunice Haskell,
Mwenyekiti wa Kamati,
Ukumbi wa Michezo wa Bandani,
Quimby Falls.

Mheshimiwa Bi. Mwenyekiti,

YAH: KUUFUNGA MCHEZO WENU JUMAMOSI HII KAMA MLIVYOAHIDI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu umepoa tangu ulipoteleza kwenye ngazi za benki. Mimi ni Armand Thibodeau, dereva wa lori la magogo, yule aliyevuka daraja la mto mwaka wa hamsini na nane wakati daraja lenyewe lilikuwa limeshachukuliwa na maji. Watu wengi wanalikumbuka jambo hilo, na wasiolikumbuka nimewakumbusha. Shule niliishia darasa la sita, si kwa kushindwa. Sista Marie-Ange alimwambia mama yangu kwamba hana tena la kuniongezea. Kwa hiyo ukiona herufi imekwenda upande, ujue ni kalamu.

Leo asubuhi nimekwenda mgahawani kwa Gagnon kunywa kahawa, nikakuta mmebandika tangazo mlangoni: KWA SABABU YA MAFANIKIO MAKUBWA, MCHEZO UMEONGEZWA WIKI MOJA, MPAKA TAREHE 14 JULAI. Watu wanashangilia. Gagnon akanipiga bega akasema, "Hongera, Armand! Kochi lako limekuwa nyota!" Kahawa ikanipalia. Kwa maana kochi lile si langu. Ni la mke wangu Lucille, na Lucille hana habari kwamba limetoka nyumbani.

Niruhusu nieleze kwa ufupi, ingawa ufupi sijauzoea.

Lucille yuko Manchester, ile ya jimbo jirani, tangu mwezi uliopita, anamuuguza dada yake Rose-Aimée aliyepasuliwa nyongo. Anarudi Jumapili hii kwa basi la saa sita mchana. Kochi aliachiwa na marehemu mama yake. Ni la mahameli, lilitufikia likiwa limeshavikwa plastiki tulipooana mwaka wa hamsini na moja, na linakaa katika chumba cha wageni, ambacho wageni hawaingii. Wenye ruhusa ya kulikalia ni Padre na wafiwa. Mimi katika miaka ishirini na miwili nimelikalia mara moja tu, siku tuliyomzika baba yangu, na hata siku ile Lucille alininong'oneza, "Armand, kaa pembeni, usiegemee."

Sasa mpwa wangu Colette, mtoto wa dada yangu, mmempa kazi ya kutafuta vifaa vya jukwaani. Ni kazi yake ya kwanza. Mnajua wenyewe mnavyofanya kila kiangazi: mnaazima mji mzima. Meza ya daktari, zulia la benki, saa ya mjane Pomerleau. Jumatatu mchezo unafunguliwa, Jumamosi unafungwa, Jumapili vitu vinarudi kwa wenyewe vikiwa na vumbi na heshima. Basi Jumamosi iliyopita Colette aliingia kwa Gagnon macho mekundu. "Mjomba, tunafungua keshokutwa, mtu anatakiwa afe kwenye kochi, na kochi sina. Nisipopata watanirudisha kukata tiketi."

Palikuwa na watu tisa pale, na wote walikuwa wameacha kutafuna. Nikasema, "Mwanangu, mjomba wako ana kochi ambalo hata New York wangelipigia saluti."

"Na mkaza mjomba amekubali?"

"Wazo lenyewe ni lake," nikasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Nililibeba mgongoni peke yangu toka nyumbani hadi bandani kwenu, maili mbili, bila kupumzika. Colette atakuambia tulitumia gari la Gagnon. Colette bado mtoto, hakuona vizuri. Sasa naomba unisomee malalamiko yangu kwa mpangilio, maana nimeyapigia mstari.

1. Ahadi. Colette aliniambia wiki moja. Wiki ya Mungu mwenyewe ina siku saba na hajawahi kuiongeza kwa sababu ya mafanikio, ingawa kazi ya wiki ile ya kwanza ilisifiwa sana. Kilichofunguliwa hufungwa. Ninyi mmefungua Jumatatu. Sijui niseme nini zaidi.

2. Mafanikio mnayoyatangaza si yenu. Jumatatu nilikuwepo, safu ya pili. Pazia lilipofunguliwa watu walipiga makofi kabla hajatokea mwigizaji hata mmoja. Jukwaani kulikuwa na meza, taa, saa ya mjane Pomerleau, na kochi. Saa ile ya mjane tumeiona miaka yote na hakuna aliyewahi kuipigia makofi. Kwa hiyo ni wazi watu wanakuja kwa ajili ya kochi. Nami nauliza: samani iliyopigiwa makofi siku kumi na mbili mfululizo, itakubali tena kukaa kimya na mimi na Lucille? Kuna kijana wa hapa alishangiliwa mara moja tu kwenye mpira wa shule, na mpaka leo hashiki jembe.

3. Jana ilikuwa tarehe nne, Siku ya Uhuru, na ndipo mlipopata makofi ya kusimama yaliyowalevya mpaka mkaongeza wiki. Bi. Mwenyekiti, tuwe wakweli. Yule mke katika mchezo alielekeza bastola kwa mumewe saa tatu kamili usiku, na saa tatu kamili zimamoto wakawasha fataki zao kule mtoni. Alibonyeza mara moja ikalia kama vita. Vumbi la nyasi za zamani likaanguka toka darini. Watu walisimama, kweli, lakini mzee Ouellette aliyekuwa mbele yangu alisimama ili akimbie. Mafanikio yale ni ya zimamoto. Mpaka tarehe nne nyingine ni mwaka mzima. Mnataka mwongeze mwaka?

4. Bw. Desmond Farr, mwigizaji wenu mliyemleta toka New York aigize huyo mume. Ni mtu wa heshima, sina ugomvi naye. Tena nilimwonyesha mimi mwenyewe jinsi mtu anavyokufa, maana nimekaribia kufa mara nne, akashukuru. Tatizo ni muda. Jumatatu alikufa kwa dakika mbili. Jumanne dakika tatu na nusu. Jana alikufa, akanyanyuka kusema neno alilosahau, akafa tena, akaning'iniza mkono, kisha mkono ukafa peke yake. Mtu huyu ana uzito wa ndama wa mwaka mmoja, na anatupa uzito wote kwenye springi za mama mkwe wangu. Nimepiga hesabu. Kwa mwendo huu, ikifika Ijumaa ya wiki ijayo atakuwa anakufa mpaka watu wapate kifungua kinywa, na kochi litakuwa limemtangulia.

5. Plastiki imevuliwa. Colette ananiambia, "Mjomba, mtu akikaa linalia kama bata, na hii ni sehemu ya huzuni." Sawa. Lakini chini ya plastiki tumekuta kochi ni la kijani! Kijani kama miti ya Mei. Sisi miaka yote tulijua ni la rangi ya maji ya mtaro. Sasa Lucille akikuta la kijani nitamwambia nini? Atasema nimembadilishia. Na juu ya ukijani huo kuna doa la juisi ya zabibu, ile mnayojifanya ni divai, ukubwa wa kifungo cha koti la Padre. Nimelipaka siki. Nimelipaka magadi. Limeongezeka.

6. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Katika karatasi za mchezo mmeandika chini kabisa, kwa nia njema: "Kochi kwa hisani ya Bw. na Bi. Armand Thibodeau." Bi.! Jina la mtu asiyejua! Mmechapa karatasi mia nne mkazitawanya kwa kinyozi, kanisani kwa Mtakatifu Anna, na kwenye kituo cha basi, pale pale atakaposhukia. Nimezikusanya mia moja na sita, ziko chini ya kitanda. Jana Padre alinipa mkono akasema, "Mwambie Lucille amefanya jambo la ukarimu." Nimeahidi nitamwambia. Nimemwahidi Padre, Bi. Mwenyekiti. Unaona mnakonipeleka.

Huenda utasema, Armand, mwambie mkeo ukweli. Wewe humjui Lucille. Hapigi kelele. Mwaka wa sitini na tatu nilimwazima jirani birika la fedha la harusi yetu, likarudi bila kifuniko. Alichofanya ni kuniandalia chai mezani katika kopo la rangi, kila siku, kwa miezi minane, akiniuliza kwa upole kama sukari inatosha. Birika lilikuwa dogo. Kochi lina urefu wa futi saba. Najua nimekosa, na najua ni mdomo wangu ulionikosesha, lakini yule mwanamke nampenda na sitaki kuona ataniandalia nini cha futi saba.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mchezo ufungwe Jumamosi kama ulivyopangwa. Kama kamati haitaki, basi mojawapo ya haya:

Bw. Farr afe sakafuni. Watu wengi hufa sakafuni na hawalalamiki.

Au mmalizie mchezo bustanini, mtumie benchi la bustani ya mji. Nitalibeba mimi, sasa mnajua mgongo wangu.

Au wewe mwenyewe, kwa cheo chako, uandike barua kwa kampuni ya basi, wamcheleweshe Lucille Manchester wiki moja kwa sababu ya mafanikio makubwa ya dada yake kupona.

Au, na hili nimelifikiria toka alfajiri, mnivike mimi shuka la kijani nipige magoti pale lilipokuwa kochi. Nimewahi kukaliwa na watu watatu wazima ndani ya lori toka mpakani hadi hapa, na mmoja wao alikuwa na mbuzi. Sitakohoa. Nitakachoomba ni Bw. Farr aoge kwanza, na jina langu liandikwe pamoja na ya waigizaji, si chini kule na watu wa hisani.

Naomba jibu kabla ya Jumamosi saa tisa, maana baada ya hapo nitakuwa na sufuria ya maharage jikoni na sitaweza kutoka.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, nisalimie mumeo na yule mbwa wenu mwenye jicho moja, fundi wa taa, wanaokata tiketi, na zimamoto kama utawaona. Bw. Farr naye nisalimie. Mwambie mkono ule wa jana ulikuwa mzuri, ila si kwa gharama yangu.

Ni mimi, nikiwa bado mume wa mtu hadi Jumapili saa sita,

Armand J. Thibodeau

Nyongeza. Saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilikuwa nabandika stempu kwenye bahasha mlango ukafunguliwa, akaingia Lucille na sanduku lake. Amegombana na Rose-Aimée juu ya chumvi ya supu, amepanda basi la leo. Alishuka saa sita, akaokota karatasi kituoni, akasoma mpaka chini kabisa, akanyoosha moja kwa moja kwenye onyesho la saa nane mchana wakati mimi niko hapa naandika namba nne.

Colette alinipigia simu baadaye. Anasema alimwona safu ya tatu, sanduku mapajani, hakupepesa. Mchezo ulipokwisha na watu kutoka, Lucille akapanda jukwaani na viatu vyake vya safari, akalizunguka kochi, akaweka kidole kwenye doa, akakaa. Colette akajificha nyuma ya pazia akimwomba Mtakatifu Anna. Anasema alikaa robo saa nzima. Kisha akavua viatu akapandisha miguu.

Hapa nyumbani aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini?" Nilikuwa na jibu tayari, la wezi sita toka Kanada wenye kofia za manyoya. Sijui kilichonipata. Nikasema, "Nilijigamba kwa Gagnon, watu tisa wananisikiliza, na Colette alikuwa analia."

Akasema, "Armand, miaka ishirini na miwili nalitunza lile kochi kwa ajili ya wafiwa. Leo nimeona watu mia mbili wakilia mbele yake, na hakuna aliyekufa." Kisha akasema, "Kumbe ni la kijani," akaanza kucheka, nikaanza na mimi, mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa hiyo naomba msifunge. Ongezeni wiki, ongezeni mbili. Lucille anasema Bw. Farr anakufa haraka mno, hampi mtu nafasi ya kutafuta leso. Kesho anawaletea taa ya mama yake, na karatasi mpya zikichapwa anataka iandikwe Bi. Lucille Thibodeau na mumewe. Tumekula chakula cha jioni katika chumba cha wageni, sakafuni, pale pale lilipokuwa kochi, samaki na njegere za jana. Chumba kile kumbe kina dirisha linaloonyesha mto.

Barua hii naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu nimekwisha kuibandika, lakini tafadhali uisome kuanzia hapa kwenye nyongeza.