Pasi ya Kiberiti na Mapafu ya Tinga

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka. Kifusi kimeporomoka kwenye kona ya mlimani, barabara imeziba, basi la abiria limekwama upande wa pili. Redio ya Shangazi muuza kahawa ilitangaza mara moja tu, ikakoroma, ikanyamaza.

Benchi zima likamgeukia Tinga. Kambi ile ya wajenzi wa barabara ilikuwa na tingatinga moja na dereva mmoja, naye ndiye huyo, amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Unasubiri nini, Tinga? Kadi ya mwaliko?" akauliza Kiberiti, mwenye kiduka cha sabuni na sigara za rejareja.

Tinga akatoa mfukoni sigara yake ya umeme, ile wanayoiita vepu, akaibonyeza. Ikalia kama mende aliyekanyagwa nusu.

"Koili imeungua," akasema kwa sauti ya mfiwa.

"Koili ndiyo mdudu gani?" akauliza Shangazi.

"Kiwaya cha ndani, Shangazi. Kinapata moto, kinachemsha flava, yale maji ya ladha, wewe unavuta. Kikiungua, umebaki na filimbi."

"Zinauzwa wapi?"

"Mjini. Nyuma ya kifusi."

Kiberiti akapiga pakiti kwa kidole, sigara moja ikachungulia. "Ndugu yangu, ya nini mateso? Hii haina koili."

Tinga akaitazama ile sigara jinsi mtoto anavyotazama keki ya jirani. Lakini kambi nzima ilikijua kisa chake. Mkewe alishawahi kubeba mto wake na kurudi kwao, akisema hawezi kulala na jiko la mkaa. Akarudi kwa sharti moja: sigara basi. Vepu alimnunulia yeye mwenyewe, na flava ya stroberi juu.

"Mama Watoto yumo kwenye hilo basi," Tinga akasema. "Alinipigia alfajiri: 'Nimekuletea mzigo wako.' Mtandao ukakata."

"Mkeo! Si uende ukamfukue?" Shangazi akamaka.

"Kwa mikono hii?" Akainyoosha, ikatetemeka. Wenye roho mbaya wanasema aliitetemesha mwenyewe. "Bila kuvuta nitakwangua mlima niache kifusi! Na nikivuta ya Kiberiti, yule mwanamke ataninusa hata kwenye simu. Safari hii akiondoka, hachukui mto tu. Anabeba kitanda."

"Tulieni," akasema Daktari.

Daktari ni fundi simu. Wagonjwa wake wengi hutoka wakiwa hai, ila hawasikii. Akaipindua vepu, akaipuliza, akainusa. "Koili ni waya tu. Nileteeni waya."

Akaanza na waya wa chaja mbovu. Vepu ikawaka taa nyekundu, ikajizima.

"Imekukataa," akasema Kiberiti.

"Haijanikataa, inanizoea."

Jaribio la pili, akanyofoa nyuzi kwenye steelwuli ya Shangazi ya kusugulia sufuria. Cheche moja ikaruka, na sharubu za Tinga upande wa kushoto zikajikunja kama zimetoka saluni.

"Umependeza upande mmoja," akasema Shangazi.

Daktari hakucheka. Macho yake yalikuwa yametua kwenye suruali ya Kiberiti. Katika vumbi lote lile, suruali ya Kiberiti ilikuwa na mstari unaoweza kukata mkate.

"Kiberiti, ile pasi yako ndani ina waya mzuri sana."

"Weee! Pasi yangu? Hii suruali ndiyo heshima pekee iliyobaki kambini!"

"Kiwaya kidogo tu, bwana. Tunauponya moyo wa mtu."

"Mpeni moyo mwingine!"

Shangazi akaweka birika chini taratibu. "Kiberiti mwanangu, dukani kwako sukari ipo?"

"Imekwisha."

"Mpya iko wapi?"

"Kwenye basi."

"Na basi litapitishwa na nani?"

Kiberiti akaenda kuileta pasi, kwa mwendo wa msibani.

Ikabaki pamba ya kunyonya flava. Daktari akavua kiatu atoe soksi; benchi likapiga kelele kwa umoja ambao halijawahi kuuonyesha. Mwishowe Shangazi akatoa kitambaa cha kuchujia kahawa. "Kata pembeni tu. Kahawa ikitoka na machicha, utatafuna wewe."

Daktari akasokota, akafunga, akadondoshea flava. Tinga akafumba macho, akamwomba Mola wake, akavuta.

Moshi! Moshi mzito kama wa tanuri la matofali! Benchi likapiga makofi.

"Ladha je?"

"Stroberi," akasema Tinga, machozi yakimtoka. "Ila imepigwa pasi. Halafu ikanyweshwa kahawa."

"Lete nipime kazi yangu," akasema Daktari.

"Pasi ya nani?" Kiberiti akaidaka. "Mimi mwanahisa."

"Na kitambaa changu mmekiokota?" Shangazi akavuta, akakohoa mpaka kilemba kikamfunika macho, akavuta tena. Wachimba mitaro waliokuwa wakipita nao wakapanga foleni. Wakamimina flava, wakavuta, wakamimina, mpaka wingu likapanda mlimani. Vepu iliporudi kwa mwenyewe, aliibonyeza ikampigia filimbi. Chupa tupu.

Tinga akakaa chini. Mikono ikaanza, safari hii kweli.

"Pole, kaka," akasema Kiberiti, na kwa mara ya kwanza tangu aumbwe akatoa sigara ya bure. "Chukua hii, ya rambirambi."

Tinga akaiangalia, akaangalia mlima, akaipeleka mdomoni. Kiberiti akawasha njiti.

"Washeni tu. Msinionee aibu."

Mama Watoto! Matope hadi magotini, begi kichwani, na nyuma yake abiria msururu, kondakta amebeba mfuko wa sukari. Sigara ikahamia nyuma ya sikio la Tinga bila yeye kujua.

"Hicho sikioni nini?"

"Penseli."

"Haya." Akamsogelea. Akanusa kola, akanusa vidole, akanusa sharubu. Benchi lilisahau kupumua.

"Pasi," akasema. "Kahawa. Nywele za kuungua. Sigara hamna."

Tinga akashusha pumzi iliyokuwa imeanzia kwenye kisigino. "Mmevukaje, mke wangu?"

"Tuliona moshi, tukasikia harufu, tukajua kambi inaungua. Tumepanda kifusi kwa miguu kuja kuwazima." Akafungua begi, akatoa kiboksi. "Mzigo wako. Koili mpya. Umekusubiri ng'ambo pale tangu alfajiri."

Kiberiti akaitazama sukari, akaitazama pasi yake iliyotumbuliwa, asijue amfurahie nani.

Tinga akafunga koili kwa mikono iliyotulia kama ya mshona nguo.

"Sasa weka flava," akasema mkewe. "Si nilikuachia chupa nzima?"

Mama Watoto akaiona chupa chini, akalizungushia benchi lote macho, mdomo baada ya mdomo, yote ikinuka stroberi.

"Baba Watoto," akasema kwa upole uliomtisha hata Shangazi, "hiyo penseli hebu nipe. Niandike majina ya waliokusaidia kuvuta."

Daktari akakumbuka ana mgonjwa mahututi. Shangazi akabeba birika likiwa motoni. Na Kiberiti, aliyekuwa hatembei haraka asije akakunja suruali, siku hiyo alikimbia.