Sura ya Saba Chini ya Kitambaa cha Kijani

Jumatatu, 12 Juni 1995

Baridi kali Misunkumilo asubuhi. Nilikwenda kuazima kitabu kwenye maktaba yetu ya mtaa, nimerudi na aibu. Nilitaka kimoja cha kabati lenye kitambaa chekundu. Oswaldi, mtunza ufunguo wa kabati hilo, kaniambia nisogee rafu ya njano. Mbele ya wanafunzi wangu!

Sheria ni hii, na niliipigia kura mwenyewe bila kufikiri: kijani ni vitabu vya watoto, njano vya vijana, nyekundu vya wakubwa. Mkubwa ni nani? Kamati ya maktaba ilibishana hadi chai ikapoa. Mwisho Mwenyekiti Agustino akaamua kama wanavyoamua wazee wa kwao: mkubwa ni aliyeoa au kuolewa, umri hauna kazi. Basi Oswaldi, ambaye nilimfundisha kuandika jina lake, ana mke na mapacha, ni mkubwa. Mimi, Mwalimu Mabula, mwenye mvi kidevuni, ni kijana.

Ila si kwa muda mrefu. Mzee Machibya, mshenga wangu, keshapeleka jembe la posa kwa akina Kalista, yule fundi cherehani wa karibu na stesheni. Wakiliingiza ndani, nimekubaliwa. Wakilirudisha, ndiyo basi tena. Mpaka leo limeegemea ukuta wa nje, jua linalipiga. Kila jioni napita kwa mbali kuliangalia.

Wakati nasubiri, nina mpango. Kesho kamati inapima kitabu changu, hadithi ya Celestin na Salima, vijana wanaopendana stesheni. Nimekichapa kwa mashine ya shule, nimekirudufu, nimekibana pini. Kizuri, ila kipole mno. Kitatupwa kwenye njano, na vitabu vya njano vinakula vumbi. Vya nyekundu watu wanagombania. Kwa hiyo nimeongeza sura ya saba. Celestin anambusu Salima. Mdomoni. Nimeandika huku natazama mlango.

Tena namjua Agustino. Hasomi kitabu chote, anakiachia kifunguke chenyewe na hapo ndipo anapopima. Nimekilaza kikiwa wazi sura ya saba chini ya jiwe la kusagia la mama mwenye nyumba. Akili ni nywele.

Jumanne, 13 Juni

Sina pa kuweka uso.

Nimefika kamati nimevaa koti. Kwenye benchi la nyuma nani? Mama Kalista. Akina mama wamemchagua juzi awe mwakilishi wao, na mimi katibu nilikuwa wa mwisho kujua. Tangu jembe lifike kwao yeye ni mkwe wangu nusu, na mkwe hatazamwi usoni wala hatajiwi mambo ya chumbani. Alikaa akaelekea dirishani, mgongo kwetu, kama heshima inavyotaka. Masikio hayana mgongo.

Katibu ndiye msomaji, maana macho ya wajumbe wengi hayaziwezi herufi zetu za kurudufu. Nikasoma sura ya kwanza. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha Mwenyekiti akakishika kitabu, akakiachia. Kikafunguka vizuri kabisa. Akanirudishia, akaweka kidole: anzia hapo, Mwalimu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Celestin akausogeza uso wake. Nikakohoa. Nikautazama ule mgongo, kitenge kimetulia, unasubiri. Basi nikasema Celestin alisogea ili ampulize Salima vumbi lililoingia jichoni. Halikutoka. Akampeleka zahanati. Mganga akawaagiza wanawe mikono kwa sabuni na kuchemsha maji ya kunywa. Nimebuni sura nzima nimesimama, jasho linashuka mpaka kwenye soksi.

Mama Kalista, akiongea na dirisha, akasema hajapata kusikia kitabu chenye adabu kama hiki, na kwamba watoto wa siku hizi hawanawi. Akaomba kipewe kijani. Wote wakaafiki. Oswaldi akaniinamia kuniuliza kama bado nitahitaji ufunguo.

Kijani! Hata njano nimeikosa. Na Mama Kalista ameondoka na nakala ile ile, mjukuu wake Immaculata wa darasa la nne akamsomee nyumbani.

Ningeweza kusema pale pale. Nilifumbua mdomo kabisa. Nikashukuru kamati.

Jumatano, 14 Juni

Jembe limesogea! Mzee Machibya kaliona kwa macho yake: limetoka ukutani, limepanda barazani. Kisa ni lile vumbi la jichoni. Mama Kalista anawaambia majirani kwamba mwanamume anayewaza sabuni hawezi kumpiga mke. Nimefurahi, kisha nimeona haya, kisha nimefurahi tena kidogo.

Lakini Immaculata kaniambia darasani kwamba alasiri anawasomea wanawake wanaobangua karanga uani kwao, na wako sura ya pili. Lazima kitabu kirudi. Kwenda mwenyewe siwezi, mtu haingii uani kwa mkwe na jembe liko barazani. Nimemtuma Mzee Machibya aseme pini zina kutu, zitamdhuru mtoto.

Amerudi na jibu. Nisiwe na wasiwasi, Kalista keshazing'oa pini na kukishona kitabu kwa cherehani. Sasa hakichaniki hata ukikivuta. Mzee Machibya kaniambia yeye alitumwa mambo ya ndoa, mambo ya pini nimtafutie mtu mwingine.

Ijumaa, 16 Juni

Mpango wa pili. Mtoto mwenye kazi nyingi hasomi hadithi. Nimewapa darasa la nne hesabu za kugawanya, ubao mzima, mbele na nyuma, juzi na jana. Leo wamekuja macho mekundu. Mmoja amesinzia akaangusha kidau cha wino. Mwalimu Mkuu kaniita kuniuliza kama nina ugomvi na wazazi.

Wote wamefanya, isipokuwa Immaculata. Bibi yake kamwambia hadithi kwanza, hesabu baadaye. Wako sura ya sita. Na majirani wameongezeka, kwa sababu Bibi anawahadithia mapema yatakayokuja sura ya saba, anawaambia wasikose ile ya zahanati.

Nimewatazama wale watoto wengine wanavyopiga miayo kwa ajili ya busu langu. Nimeona aibu kweli. Nimewafutia hesabu zilizobaki, nikakaa kufikiri mpango wa tatu.

Jumapili, 18 Juni

Naandika nimekaa upande mmoja, kuku amenidonoa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Watu wa nyumbani kwa Kalista wote wako kanisani. Naingia uani, nachukua kitabu dirishani kinapowekwa, naikata sura ya saba kwa wembe, natoka. Nimefika mpaka dirishani. Hapo nikasikia sauti njiani, misa imekwisha mapema. Nikajibanza nyuma ya kihenge cha mahindi.

Wakakaa. Ungo wa karanga ukawekwa chini. Kalista akaanza kushona nguo barazani, karibu na jembe langu. Immaculata akafungua kitabu kwa mshono ule imara, akaanza sura ya saba.

Kumsikia mtoto wa darasa la nne akiyasoma yale maneno yangu, silabi kwa silabi, kwa ile sauti niliyomfundisha ya kutua kwenye mkato! Natamani ardhi ingepasuka. Akafika kwenye kumbatio, akamuuliza Bibi kumbatio ni nini. Karanga zikaacha kubanguliwa. Cherehani ikanyamaza. Bibi akamjibu taratibu kwamba ni salamu ya watu wazima, kisha akakichukua kitabu mkononi mwake, akampa Kalista amalizie, akamtuma mtoto maji kisimani.

Kalista akasoma. Sikujua kama sauti yake inaweza kuwa baridi namna ile. Alipofika mahali busu linaanza treni ikipiga honi Mpanda na kwisha treni ikiingia stesheni ya Katumba, jirani mmoja, Mama Mwandu, akauliza kama hao watu walikuwa wanapumua. Mwingine akasema huyu mwandishi hajawahi, masikini, kasimuliwa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilidhani nimeandika kitabu cha kutisha wakubwa, na wakubwa wananionea huruma.

Mama Kalista hakucheka. Aliuliza tu, vumbi liko wapi?

Hapo ndipo kuku anayeatamia nyuma ya kihenge alipochoka na mimi. Nikatoka mbio, nikasimama katikati ya uani. Mama Kalista akajifunika kitenge usoni, akageukia ukuta. Mimi nikajifunika koti, nikageukia kihenge. Tukasimama mgongo kwa mgongo. Immaculata akarudi na ndoo, akakuta hali hiyo, ikabidi awe tarishi kati yetu.

Mama Kalista akamwambia amuulize huyo mtu mbona siku ya kamati yalisomwa mengine. Nikamwambia Immaculata amwambie Bibi kwamba vumbi lipo, limeruka ukurasa. Akaenda, akasema, akarudi. Bibi anauliza: na zahanati nayo imeruka? Nikasema hata zahanati. Na sabuni? Nikaanza kukwangua udongo wa kihenge.

Kisha Immaculata akaniuliza la kwake mwenyewe, hilo hakutumwa na mtu. Akauliza kama na zile hesabu nyingi zilikuwa kwa ajili ya hiki kitabu. Nilivuta koti nikajifunika zaidi.

Jumatatu, 19 Juni

Mzee Machibya amekuja, hakutaka kiti. Nilitegemea ametumwa na Mama Kalista, kumbe ametumwa na Kalista mwenyewe.

Maneno yake ni haya. Busu halijamuudhi, watu wanabusiana, yeye si mtoto. Kilichomuudhi ni kwamba nilisimama mbele ya mama yake nikamsomea kisichoandikwa, nikamwacha akisifie kwa mtaa mzima, na kitabu cha wakubwa nikakiacha kiende mkononi mwa mtoto kwa sababu ya kuogopa kuonekana. Mama yake haonekani hata kisimani kwa haya. Jembe bado liko barazani. Haliingii, halitoki. Kesho kwenye kamati niseme kwa kinywa changu nilichofanya, basi. Hataki mbuzi, hataki kitenge cha kumfuta mkwe aibu. Nikisema tu, ataliingiza ndani kwa mikono yake.

Mzee Machibya akaongeza la kwake, kwamba katika ushenga wake wote hajaona posa rahisi kama hii.

Nimelia kidogo baada ya yeye kuondoka. Ananipenda. Nitasema. Nimeshajizoeza mbele ya kioo, ni sentensi moja.

Jumanne, 20 Juni

Habari zilitangulia. Nje ya maktaba watu wamepanga foleni wakiulizia kitabu cha Mwalimu Mabula. Walimu, makarani wa stesheni, hata Wasukuma waliokuja mnadani kuuza ng'ombe. Kamati ilishakata shauri kabla sijakaa: kijani kiondolewe, kipewe nyekundu, kifungiwe kabatini. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo! Moyo ulinipasuka kwa fahari, na aibu ikiwa humo humo.

Mwenyekiti Agustino akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayenifungulia mlango, ilikuwaje yale yaliyosomwa yakawa mengine. Mama Kalista alikuwa kwenye benchi lake, mgongo kwetu, amejitanda vitenge viwili. Nikasimama. Sentensi ilikuwa mdomoni. Nikamwona Oswaldi anatabasamu na ufunguo wake shingoni.

Nikasema simtaji mtu, lakini mwenye ufunguo wa kabati anaweza kuingiza karatasi yoyote kwenye kitabu chochote.

Wote wakamgeukia Oswaldi. Tabasamu lilimtoka. Alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani polepole, macho yamejaa maji. Yule niliyemfundisha kuandika jina lake. Agustino akafikiri, akauliza ufunguo unahusikaje, maana kitabu chenyewe hakijawahi kuingia kabatini.

Nikageuka kutafuta pa kuangalia. Mlangoni amesimama Kalista, ameleta kitambaa chekundu kipya, kimepindwa pindo vizuri, cha kukifunika kitabu changu. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alikiweka mezani karibu na ufunguo, akamshika mama yake mkono, wakatoka. Mama Kalista alipita akiniangalia moja kwa moja usoni. Hapo nikajua mimi si mkwe tena.

Nikaomba kuazima nakala yangu, angalau niondoke na kitu. Oswaldi akanionyesha rafu ya njano.

Jumatano, 21 Juni

Jembe limeegemea ukuta wangu. Sikusikia aliyelileta. Limefutwa vumbi, mpini umepakwa mafuta. Wangelitupa tu ningepata cha kukasirikia.

Nimekaa nalo asubuhi nzima. Nimejiona mtu wa hovyo, na nimekubali kwamba nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema.

Kwa hiyo nimeanza kitabu kipya. Ni cha mwalimu mmoja anayesimama mbele ya kamati na kusema ukweli wote. Kalista akikisikia ataelewa. Nitakisoma mwenyewe kikao kijacho, ila pale penye ukweli nitapapunguza kidogo, kwa ajili ya watoto.