Agizo la Kuiondoa Mionzi Nchini

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba mionzi imepigwa marufuku nchini kuanzia Jumatatu. Wenye nayo wanashauriwa kuisalimisha mapema ili kuepuka usumbufu.

Mimi ni Katibu wa Kamati Kuu ya Kupima Faida na Hasara za Umeme wa Nyuklia. Tulikaa vikao vingi, tukanywa chai nyingi zaidi, na kazi haikuwa lelemama. Faida zilikuwa wazi: umeme usiosubiri mvua, usiotoa moshi, usiokatika kinyozi akiwa amekunyoa upande mmoja. Hasara nazo zilikuwepo: ajali ikitokea haina dogo, na taka zake hulindwa maelfu ya miaka. Mjumbe mmoja akauliza walinzi hao watapewa likizo lini. Ndipo Mheshimiwa Mwenyekiti, mtu wa kuona mbali hata akiwa amesinzia, alipotoa uamuzi: faida zibaki makao makuu, hasara wagawiwe wananchi kwa usawa.

Kwa kuwa sisi ni watu wa sayansi, tulimwita na mtaalamu wa fizikia, tukampa dakika mbili.

"Mionzi ipo kila mahali," alisema. "Kwenye udongo, kwenye mawe, hata kwenye ndizi. La muhimu ni kiasi. Ikiwa kidogo hivyo, haina neno."

"Hata ndizi?" Mheshimiwa alizinduka.

"Hata ndizi, ila kidogo mno."

Ndizi ziliondolewa kantini siku hiyo hiyo. Mtaalamu tulimshukuru, tukamwomba asijisumbue kurudi.

Kisha likatoka Agizo. Kinu cha nyuklia kilipangiwa kilimani, nyuma ya mji, lakini kilimani kuna nyumba, na wenye nyumba wana tabia mbaya ya kudai fidia. Mheshimiwa alimaliza tatizo hilo kwa mchoro mmoja wa kalamu. Jengo lolote ambamo kipimo cha mionzi kitalia zaidi kuliko kinavyolia barabarani, wakazi wake watoke siku hiyo hiyo, bila fidia, kwa ajili ya afya zao. Tena wasipokelewe na watu safi, wasije wakawaambukiza. Mtaalamu alituma ujumbe kwamba mionzi ya mawe haiambukizi. Ujumbe ulipokelewa, ukasifiwa kwa mwandiko mzuri.

Kipimo chenyewe watumishi walikiita Mbea, kwa kuwa hakijui kunyamaza. Nilikibeba mwenyewe hadi kilimani, na nyumba ya kwanza, kwa mkosi wangu, ilikuwa ya mama mkwe. Ameijenga juu ya mwamba kwa jasho la cherehani, tofali moja moja. Mbea akaanza: ti-ti-ti-ti.

"Mkwe, hicho kinalia nini? Kina njaa?"

"Ni mionzi, mama. Imo mwambani. Ni hatari, itabidi uhame leo."

"Hatari?" Aliacha kushona. "Nimelea watoto sita juu ya mwamba huu. Mmoja ukaja kumposa hapa hapa, ukala, ukashiba, ukaomba uongezwe. Siku hiyo mionzi ilikuwa wapi?"

"Mama, mimi natekeleza tu."

"Basi tekeleza na kwa bwana wako. Kapimeni kwake, nami nitafunga mizigo."

Niliona aibu, aibu ya kweli, nikaiingiza kwenye taarifa chini ya Mengineyo.

Mheshimiwa aliposikia alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Mwite huyo mama, na waandishi wa habari waje. Waone ofisi safi inavyokuwa!"

Ofisi yake ni fahari ya taifa: sakafu, kuta na meza, vyote ni vya graniti iliyosuguliwa ikang'aa, na iliyochongwa kutoka kilima kile kile. Safari hii Mbea hakulia. Alipiga mayowe.

"Kimeharibika hicho!" alifoka Mheshimiwa. "Niitieni mtaalamu!"

Mtaalamu akaletwa mbio mbio. "Ni mawe tu, Mheshimiwa. Graniti ndivyo ilivyo. Haina madhara, hata ukilala juu ya meza."

"Hulala kila siku," nilithibitisha.

"Mmesikia?" Mheshimiwa alitabasamu kwa kamera. "Haina madhara!"

"Basi na ya kilimani haina madhara," alisema mwandishi mmoja wa kike. "Si mawe ni yale yale? Hawa watu wanahamishwa kwa nini bila fidia?"

Mheshimiwa alimtazama mama mkwe, akaitazama meza yake. Kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, alipima faida na hasara.

"Mawe ni hatari," alisema hatimaye. "Agizo liko pale pale."

Sheria ni msumeno. Nilisimama wima nikamwomba atoke, na walinzi wakamsindikiza kwa adabu zote, bila fidia. Muhuri wake ulibaki ndani, na hakuna anayeruhusiwa kuingia kuufuata. Kwa hiyo hati za kuwahamisha watu wa kilimani hazijagongwa, na wao wanaendelea kuhama kwa kubaki majumbani mwao.

Hoteli zote zilimkataa. Mkewe alimwambia dirishani, "Nakupenda, mume wangu, lakini mimi ni mtu safi." Jioni akapanda kilimani na mkoba wake, nami nyuma yake, kwa kuwa waliobaki na ruhusa ya kumpokea ni wale wasio safi.

"Karibu, baba," alisema mama mkwe. "Chumba cha nyuma kiko wazi."

Mheshimiwa alisita kizingitini, akautazama mwamba chini ya viatu vyake. "Mama, niambie ukweli. Hapa ni salama?"

"Muulize mkwe wangu. Yeye ndiye kamati."

Alinigeukia, macho yamemtoka. Nilikunja mikono nyuma, nikakohoa kidogo kama kanuni zinavyotaka.

"Suala lako limepokelewa, Mheshimiwa, na linafanyiwa kazi. Njoo wiki ijayo."