Habari za Mikutano Minne ya Asubuhi Moja

Sogeeni karibu, enyi mchungao na enyi mchimbao, ninyi mliokwisha kumaliza kazi zenu na ninyi mliosema mtamaliza kesho. Zimeni simu, wakalisheni watoto, mtege masikio, maana nataka kuwasimulia vita ambavyo havijapata kutokea katika nchi hii ya Tarime tangu ilipogawanywa kata na vijiji, vita vya mtu mmoja dhidi ya miezi kumi na miwili. Ndoo zenu ziwekeni chini, lakini zisiwe mbali. Mimi ni Regina, mwandishi wa mihtasari wa kijiji cha Kebweru, na niliyaona yote kwa macho haya, tena nikiwa nimekasirika.

Shujaa wa habari hizi ni Emanueli mwana wa Nyangwine, mtendaji wa kijiji chetu, mbeba mihuri miwili, bwana wa kalamu nne za mfukoni, ambaye hakuna ahadi iliyopata kumtisha wala tarehe iliyopata kumkuta tayari. Sheria ilimwekea jambo moja tu. Kila miezi mitatu kijiji kifanye mkutano mkuu, minne kwa mwaka, kuanzia Julai hadi Juni, na muhtasari wa kila mkutano aufikishe kwa mtendaji wa kata. Mikutano minne, jamani. Hata kuku hutaga zaidi ya hapo.

Sasa sikieni chanzo cha msiba. Mwezi wa saba mwaka jana, bolti inayoshika mkono wa pampu yetu ya maji ilikatika. Kisyeri, fundi baiskeli, mwenye spana zilizotoka kwa babu yake, akaja kwa moyo mweupe akafunga waya. Mwenyekiti wetu, Mzee Nashoni, akawa wa kwanza kupampu. Waya ukakatika, mkono ukaruka juu ukamgonga mdomoni, na jino lake la mbele likaagana na wenzake. Wazee wakakaa, wakamtoza Kisyeri mbuzi, wakapiga marufuku: mtu yeyote asiiguse pampu hiyo mpaka mkutano mkuu wa kijiji uamue. Basi wanawake wa Kebweru tukashuka bondeni mtoni, saa nzima kwenda na saa moja na nusu kupanda, tukingoja mkutano.

Hapo ndipo ninapomleta mbele yenu Bibi Ghati, mjane, jirani yangu, mwenye goti bovu na kumbukumbu nzima. Mwezi wa nane alikwenda mjini Bomani kumsalimu binti yake Boke, na katika mkoba wake alibeba kile kipande cha bolti iliyokatika. Alizunguka maduka ya vyuma akikilinganisha mpaka akapata mwenzake sawasawa, na nati yake. Akarudi nayo Kebweru imefungwa kwenye pindo la khanga. Akamwendea Emanueli ofisini. Bolti hakuionyesha, maana alitaka kwanza kusikia tarehe.

"Mkutano lini, mura, kijana wangu?"

"Wiki ijayo, Bibi," akasema shujaa wetu, kwa sauti ya mtu anayeitamka kesho kana kwamba ni shamba lake.

Wiki ijayo ikaja ikapita bila kusalimia. Mwezi wa tisa wanaume walikuwa Nyakunguru machimboni, akidi isingetimia. Mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na jando na sikukuu, nani angekaa kitini? Mwezi wa pili Emanueli alikwenda Mbalibali kwa wakwe kujadili ng'ombe, akakaa siku kumi na tisa, maana ng'ombe wa watu hawajadiliwi kwa pupa. Mwezi wa nne ilikuwa mvua. Kila mwezi Bibi Ghati aliuliza, kila mwezi alijibiwa, na fundo la khanga likawa linahamishwa kutoka khanga chafu kwenda khanga safi.

Katika mvua hiyohiyo alianguka akipanda kutoka mtoni. Ndoo ikabiringika, mkono ukateguka. Tangu siku hiyo nilimchotea mimi, ndoo zangu mbili na yake moja, na nasema wazi kwamba nilimchukia Emanueli kila hatua ya kile kilima. Bibi Ghati hakumchukia. Aliniambia tu, tukiwa tunamenya mihogo, "Mwanangu, mimi sikuzaliwa niwe mzigo wako. Tarehe mosi Julai, kama hakuna maji, nafunga mlango naenda kwa Boke." Miaka hamsini na moja ameishi katika ile nyumba. Mumewe amezikwa nyuma yake, penye ndizi.

Ndipo tarehe ishirini na tisa Juni, majira ya alasiri, barua ikatua mezani pa Emanueli kutoka kwa mtendaji wa kata, Bwana Selestine: kesho saa sita kamili mchana nitapita kuchukua mihtasari minne ya mwaka, la sivyo ujieleze kwa maandishi. Shujaa akaisoma mara moja, akaisoma mara ya pili, akaigeuza kutazama kama nyuma pana maneno ya huruma. Hapakuwa na kitu. Akanyanyuka, akajifunga mkanda, akapanda pikipiki na kipaza sauti, akaizunguka Kebweru akitangaza kwamba asiyefika kesho saa mbili asubuhi mbele ya ghala, ng'ombe wake hawataandikwa kwenye chanjo. Na Mkurya utamtishia vyote, lakini ng'ombe usimtishie. Kesho yake saa mbili kasoro dakika kumi, kijiji kizima kilikuwa kimekaa.

Emanueli akasimama mbele yetu amevaa koti la harusi yake, mihuri kushoto na kidau cha wino kulia, akanguruma:

"Enyi wana wa Kebweru! Leo hatutatoka hapa mpaka mwaka mzima umelala chini. Tutapigana na robo ya kwanza, tutaishinda. Ya pili, tutaishinda. Ya tatu na ya nne hazitaliona jua la saa sita. Mzee Nashoni, fungua kwa sala. Regina, andika: tarehe kumi Septemba."

"Leo ni tarehe thelathini Juni," nikasema.

"Andika Septemba, dada yangu. Usinivunje moyo vita havijaanza."

Nikaandika tarehe thelathini Juni, na saa. Akatazama saa yake, akaona hakuna muda wa kugombana nami.

Hivyo ukaanza mkutano wa robo ya kwanza. Mzee Nashoni akasali. Ajenda zikapita mbio, na tulipofika kwenye mengineyo, Bibi Ghati akanyoosha mkono uliopona vibaya, akasema pampu. Mkutano ukaazimia kwa kauli moja kwamba pampu itengenezwe na marufuku ya wazee iondolewe. Mzee Nashoni akasali sala ya kufunga, akapiga mhuri, akakohoa, akasali sala ya kufungua, na tukawa tumeingia robo ya pili bila mtu kubadilisha kiti.

Na hapa, wasikilizaji, ndipo shujaa alipoingia mtegoni kwa miguu yake. Kwa maana mkutano wowote wa halali huanza kwa kusomwa muhtasari wa mkutano uliopita, na baada ya muhtasari huja yatokanayo. Nikasoma: "Mkutano uliopita uliazimia pampu itengenezwe." Bibi Ghati akasimama polepole, akishika bega la jirani.

"Mwenyekiti, robo nzima imepita. Nauliza pampu imefikia wapi."

Watu wakacheka. Emanueli hakucheka. Akavuta koti, akasema, "Bibi, utekelezaji unaendelea."

"Unaendelea wapi, mura? Mimi nimekaa hapahapa. Sijaona mtu hata mmoja aliyenyanyuka."

"Regina, andika kwamba utekelezaji unaendelea."

Nikaiweka kalamu juu ya daftari. "Mtendaji," nikasema, "jedwali la yatokanayo lina safu ya sababu ya kutotekelezwa. Bwana Selestine huisoma kwanza hiyo. Niandike sababu gani? Niandike tulikuwa tunasali?"

Emanueli akatazama jua, akatazama mihuri, akatutazama sisi. Nami nilikaa naye ofisi moja miaka sita, nikamwona akipata wazo. Hujulikana kwa jinsi anavyogusa kalamu zake moja moja. Aliona kwamba kama bolti haipo, basi sababu ipo, na sababu ikiwepo, robo ya pili imekwisha. Akapanda juu ya kiti, akanyoosha mkono kuelekea pampu, akahutubu:

"Ndugu zangu! Nani kasema Emanueli mwana wa Nyangwine anaogopa kazi? Moyo ninao! Nguvu ninazo! Fundi Kisyeri yuko hapa na spana zake. Kinachotuzuia ni kipande kimoja cha chuma, nacho kiko mbali, mjini, kwenye maduka ambayo hatuwezi kuyafikia kabla ya saa sita. Laiti ningeiona bolti hiyo mbele ya macho yangu sasa hivi, naapa mbele ya Mzee Nashoni na pengo lake, ningeishika pampu ile kwa mikono yangu hii miwili. Lakini iko wapi? Regina, andika: bolti haikupatikana."

Bibi Ghati alikuwa amekwisha kulifikia pindo la khanga. Fundo lile lilikuwa gumu, limekazwa na kukazwa tena kwa miezi kumi, ikabidi alifungue kwa meno. Akaja mpaka mezani, akaiweka bolti juu ya muhtasari wa robo ya kwanza, na nati yake pembeni.

"Ni ya mwezi wa nane," akasema. "Nilikuwa nangoja mkutano."

Emanueli akashuka kitini. Nimewahi kuona watu wakiletewa habari mbaya, na wengine wakiletewa habari njema, lakini sijaona tena uso ambao haukujua ni ipi kati ya hizo. Aliishika ile bolti, akaigeuza, akasema kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya hotuba, "Bibi, kumbe ulikuwa nayo muda wote." Bibi akamwambia, "Na wewe ulikuwa na mkutano."

Basi mwenyekiti akatangaza mapumziko kati ya robo ya pili na ya tatu, na jeshi la Kebweru likaondoka, wazee mbele, akina mama katikati, ng'ombe wawili waliokosa mchungaji nyuma, likasafiri safari ndefu ya hatua mia mbili mpaka kwenye pampu. Hapo Kisyeri akakataa. Alisema mikono yake imekwisha kulipa mbuzi mmoja kwa ajili ya pampu hii na hataigusa mpaka mkutano mkuu utamke kwamba kosa lilikuwa la waya. Mkutano ukatamka. Mzee Nashoni, ambaye jino lilikuwa lake, akatamka wa mwisho, kwa shingo upande.

Kisyeri akasugua kutu, akatia oili, akasema anahitaji mtu wa kuuinua mkono wa pampu na kuutuliza mpaka matundu mawili yakutane. Na Emanueli, ambaye alikuwa ameapa, akavua koti la harusi akanipa mimi nilishike. Akauinua ule mkono wa chuma. Akauinua, akatetemeka, jasho likamtoka kama mtu anayepanda kutoka mtoni na ndoo, nami nikaliona hilo na kufurahi. Matundu yakapishana mara ya kwanza. Yakapishana mara ya pili. Mara ya tatu bolti ikaingia, nati ikazunguka, na Kisyeri akasema, "Achia."

Vita vya mwaka mzima vilikwisha kwa muda ambao uji wa mtoto haujapoa.

Bibi Ghati akapewa heshima ya kupampu kwanza, akaikataa kwa sababu ya mkono, akanisukuma mimi. Nilipampu. Ikatoka hewa, ikatoka kutu, ikatoka tope jekundu, na nilikuwa nimeanza kukata tamaa maji yalipokuja, meupe, yakimwagika kwenye viatu vya Emanueli. Nililia, na sioni haya kulisema. Bibi Ghati akakinga viganja, akanawa uso, akakaa juu ya jiwe.

Kurudi ghalani hakuna aliyetaka. Robo ya tatu na robo ya nne zikafanyikia pale pale, akidi ikihesabiwa kwenye foleni ya ndoo, na kwenye yatokanayo, kwa mara ya kwanza katika historia ya daftari langu, nikaandika neno "Imetekelezwa." Sala ya mwisho ilikuwa inafungwa Bwana Selestine alipowasili, saa sita na dakika nne. Akaisoma mihtasari yote minne amesimama, akaona tarehe moja mara nne, akainua macho polepole.

"Emanueli, hii yote ni leo?"

"Ni leo, mheshimiwa."

Bwana Selestine akatazama saa. Naye, mjue, alikuwa anakusanya mihtasari ya mwaka ya vijiji vyote siku hiyohiyo, na ilitakiwa ifike wilayani saa tisa. Akanywa maji kwa kikombe cha Kisyeri. "Katika vijiji vyote nilivyopita leo," akasema, "hiki peke yake ndicho chenye azimio lililotekelezwa." Akampa Emanueli mkono mbele ya umati, akamtangaza mtendaji wa mfano kwa mwaka huo, watu wakapiga vigelegele, na vijana wakambeba juu juu na viatu vyake vilivyolowa mpaka penye pikipiki. Cheti kilikuja baadaye, kina fremu ya dhahabu, kimetundikwa ofisini juu ya kiti chake, nacho kinasema kwamba alisimamia mikutano yote minne kwa wakati.

Hivyo ndivyo Emanueli alivyoishinda miezi kumi na miwili kwa asubuhi moja, na hivyo ndivyo itakavyosimuliwa kwa vizazi vya Kebweru. Bibi Ghati naye yumo kwenye kumbukumbu za kijiji. Tazameni robo ya kwanza, ukurasa wa pili, chini ya mengineyo.

Tarehe mosi Julai nilipita kwake mapema, moyo mkononi. Mlango ulikuwa wazi, ndoo imejaa kizingitini, naye anafagia uwanja kwa mkono mmoja. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanionyesha pindo la khanga, lililofungwa upya: humo mlikuwa na mpira wa pampu aliokwisha kumwagiza Boke, maana nao huchakaa ukitimiza mwaka.

"Regina, mwanangu," akasema, "ukifika ofisini niulizie. Mkutano lini?"