Suti ya Mwenye Korongo

Bwana Suti hakuwa na ofisi, shamba wala cheo. Alikuwa na suti moja ya kijivu, na hiyo ilimtosha kuwa chochote. Siku alipoona watu wa mjini wakishuka korongoni kuogelea katika bwawa la mto, katikati ya miamba, bure kabisa, roho ilimuuma. Maji yote yale, na hakuna wa kutoza!

Kesho yake akasimama kwenye njia pekee ya kushukia, akakohoa kikubwa, akatangaza kuwa bwawa ni mali ya marehemu babu yake. Watu wakaitazama suti, wakalipa.

Mchana akatokea mama muuza mitumba, furushi kichwani. Hakulipa. Alimzunguka, akaipapasa kola.

"Mwanangu, hili bwawa unaliuza?"

Bwana Suti nusura acheke. "Kwa mtu wa heshima kama wewe, mama, naweza kufikiria."

"Basi ingia nione kina. Mimi sinunui kitu bila kukikagua."

"Neno langu halitoshi?"

"Linatosha. Ila neno halilowi."

Tamaa ikamvua koti, kisha suruali. "Lete nikushikie, zisijikunje," mama akasema kwa huruma. Bwana Suti akajitosa kwa mbwembwe, akazama hadi chini. Alipoibuka, mwambani alibaki kenge peke yake.

Akapanda juu na chupi inayochuruzika. Suti ilikuwa imetundikwa mtini, furushi limefunguliwa chini yake, na makusanyo ya asubuhi yameshahama mfuko.

"Mama, hiyo suti ni yangu!"

"Kama bwawa lilivyo la babu yako?"

Waliolipa asubuhi, waliokuwa wakijikausha pale, wakageuza shingo. Bwana Suti akashusha sauti haraka. "Mama, tuelewane."

"Niitie wateja. Furushi likiisha, suti yako utavaa."

Akaanza kunadi. Mashati yakaenda, sketi zikaenda. Balaa la ulimi wake ni kwamba ukishika kasi haumsikilizi hata mwenyewe.

"Na ile ya kijivu?" akauliza kijana mmoja aliyekaribia kuoa.

"Ile? Bosi, ukiivaa ile, hata mlango wa benki utakuamkia!"

Kijana akalipa, akaivaa, akaondoka. Bwana Suti akapiga hatua mbili kumfuata, akakumbuka yuko na chupi tu.

Mama akamtupia gauni la maua, nguo pekee iliyobaki. "Kipaji unacho, mwanangu."

Akalivaa, angefanyaje? Njiani alijitazama, akaona limemkaa vizuri, na kabla hajafika mjini alikuwa ameshaanza kufikiria awe mjane wa nani.