Tajiri wa Komredi Fabian

Tangu reli ifike Zuzu, hajapata kushuka pale mtu mwenye kifua kipana kama cha Komredi Fabian, katibu wa chama cha wachuma zabibu. Na sisemi kifua cha mazoezi. Nasema kifua cha maneno!

Siku hizo kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi wa dunia nzima pale Dodoma mjini, na Fabian alikuwa ndani, kitambulisho kinaning'inia shingoni kikubwa kama kisosi. Alikivaa sokoni. Alikivaa kanisani. Mkewe aliniambia alikivaa hadi msalani! Mimi niliye rika la baba yake nilisubiri shikamoo, nikapewa ngumi hewani: "Mshikamano, mzee!"

Ila kuna jambo ambalo hakulitia kwenye hotuba. Zamani alichuma zabibu kweli. Baadaye akapata shamba lake, akaajiri wachumaji, lakini ukatibu hakuuachia. Aliung'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Bosi na katibu wakawa wanavaa suruali moja.

Shambani kuna kibanda kimoja cha udongo, kimeezekwa nyasi, ndani baridi kama mtungi. Humo ilikuwa inalala pikipiki yake. Wachumaji walipoomba wajisitiri humo mchana, aliwajibu kwamba pikipiki ikipigwa jua rangi inapauka. Wao je? Wao hawana rangi ya dukani! Wiki moja kabla ya mkutano Yudith, mja mzito, alianguka katikati ya mizabibu. Wenzake wakammwagia maji. Kibanda hakikufunguliwa.

Sasa wageni wa mkutano wakasema wanataka kuona wafanyakazi halisi. Fabian akawaleta shambani kwake mwenyewe, maana huko ndiko angeweza kuwapangia watu la kusema. Asubuhi alishatoa amri: "Shamba hili ni la tajiri wa Dar. Mimi ni katibu tu. Atakayeropoka, kesho asije!"

Wakafika wanne: Mbrazili mchuma kahawa, Mhindi wa viwandani, Mzambia wa migodini, na mama mmoja wa Kericho, Kenya, mchuma chai, ndiye akiwatafsiria wenzake. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa shamba, miguu imechoshwa na njia ya Bahi. Nikaona heri nisiondoke.

"Huyo tajiri," Fabian akaunguruma, "anafyonza damu kuliko mbu wa masika! Siku nikimtia mkononi..."

"Nyinyi mnataka nini kwake?" mama wa Kericho akawauliza wachumaji.

Wakamtazama Fabian. Fabian akatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Hilda ndiye aliyejibu, mkasi mkononi. "Tunataka kibanda kile kifunguliwe, tupumzike mchana. Yudith ndiye huyu, na tumbo ndilo hilo. Wiki iliyopita alianguka."

"Basi, Komredi, mpigie tajiri," mama wa Kericho akasema.

"Sasa hivi?"

"Hatuondoki bila jibu."

Wageni wakakaa chini, suruali za mkutano kwenye vumbi, katikati ya makreti. Wachumaji walipoona watu waliokuja kwa ndege wamekaa chini, nao wakakaa. Mikasi pembeni! Kwa mbali vumbi la lori la mnunuzi lilishaanza kutimka, na zabibu zilikuwa zinaiva upya ndani ya makreti.

Fabian akajitenga, akaweka simu sikioni. Nilikuwa karibu naye: simu yenyewe ilikuwa imezima, kioo cheusi ti!

"Haloo, tajiri! ... Ndiyo, tajiri ... Lo!" Akarudi amekunja uso. "Amekataa. Katili yule!"

"Basi na sisi tumekaa."

Lori likapiga honi. Fabian akaruka. "Hebu nimjaribu tena!" Akanong'onezana na kioo cheusi, akarudi anatokwa jasho. "Amelegea! Kibanda kitafunguliwa mwezi ujao."

"Mwambie leo," Hilda akasema. "Saa sita mpaka saa tisa, kila siku."

Simu tena. "Amekubali! Haya, simameni tupakie!"

"Na Yudith asibebe kreti."

"Amekubali!" Fabian akajibu, simu iko mfukoni.

Mama wa Kericho akainua nyusi. Wachumaji wakauma midomo.

"Na ufunguo je?" Hilda akauliza kwa upole wa hatari. "Tumtume mtu Dar?"

Honi! Honi! Fabian akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Hata Mhindi, ambaye safari hii hakutafsiriwa chochote, alielewa.

"Komredi," mama wa Kericho akasema, "tajiri wenu ana mbio! Dar mpaka mfukoni mwako, hata chai hajanywa!"

Wanawake wakacheka mpaka Yudith akashika tumbo. Pikipiki ikasukumwa nje, wakaingia wao, na wageni wao. Ilikuwa saa saba, na mapumziko ni mpaka saa tisa, kwa kauli ya tajiri mwenyewe.

Dereva wa lori, Charles, hakuzima hata injini. "Nina mashamba mengine, bosi. Kupakia si kazi yangu."

Basi bosi akapakia. Tai begani, viatu vya mkutano vinateleza, kreti moja baada ya jingine, jua limemkalia utosini. Kibandani watu wa nchi tano wanakula zabibu, wanatema mbegu.

Ilipofika katikati ya kazi akabwaga kreti, akalia kama mtoto: "Jamani, huu ni uonevu!"

Hilda akatoa kichwa mlangoni.

"Pole sana, bosi. Kamlalamikie katibu."